Mwongozo kamili wa kusomesha watoto nyumbani kwa vitabu: ratiba, kusoma kwa sauti, kusimulia na imla

Familia nyingi zinazoanza kusomesha watoto nyumbani huanzia kwenye vifaa: ubao, rafu mpya, mabango ya ukutani, marundo ya vitabu vya mazoezi. Wiki ya sita rafu bado inang'aa na mzazi yuko hoi. Kilichokosekana ni uti wa mgongo wa siku, yaani kazi moja inayofanyika hata siku mbaya na ambayo masomo mengine yanaweza kuiegemea. Mwongozo huu unaweka kusoma kwa sauti na kusimulia mahali hapo. Hesabu inabaki na kitabu chake na muda wake, hiyo haina njia ya mkato. Lakini historia, jiografia, sayansi ya awali, msamiati, imla na insha zote zinaweza kuota juu ya kitabu kinachosomwa vizuri.

Kwanza, sheria

Nchi hazifanani. Ujerumani inamtaka mtoto ahudhurie shule, na ruhusa ya kusomea nyumbani ni adimu mno. Marekani majimbo yote 50 yanaruhusu, ila kila jimbo lina masharti yake: pengine barua ya taarifa inatosha, pengine kuna mtihani au tathmini ya kila mwaka. Soma sheria yenyewe ya mahali unapoishi, usitegemee masimulizi ya wazazi wenzako. Fungua jalada moja la karatasi: nakala ya kila barua uliyopeleka, tarehe uliyoipeleka, na jibu. Mtoto aliye shuleni asiondolewe kabla ya karatasi hizo kukamilika.

Siku ifuate mfuatano kuliko saa

Ratiba iliyoandikwa saa tatu kamili hili, saa tatu na nusu lile, hufa asubuhi ya kwanza ambayo mtoto mdogo ameamka na homa. Andika mfuatano badala yake: kitabu cha pamoja, hesabu, kusoma, mapumziko, na kuendelea. Uufunge kwenye jambo linalotokea kila siku bila kukumbushwa, kwa mfano vyombo vya kifungua kinywa vikishaondolewa mezani. Mkichelewa kwa saa nzima, mfuatano unabaki uleule.

Vipindi viwe vifupi. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyeishi kuanzia 1842 hadi 1923, alilishikilia sana jambo hili: kwa watoto wadogo somo moja lisizidi dakika 20 hivi. Mtoto anayejua kazi inakwisha upesi hukaza akili. Anayejua itaburuzwa hadi mchana hujifunza kuburuza. Weka saa ya kengele mezani, na ikilia simamisha hata kama hamjamaliza. Ukivunja ahadi hiyo mara tatu, kengele inakuwa kelele tu.

Kwa jumla ya siku, miaka 6 na 7 hutosheka na saa moja na nusu hadi mbili. Miaka 8 hadi 10, saa mbili na nusu hadi tatu. Miaka 11 hadi 13, saa tatu na nusu hadi nne, sehemu kubwa akiwa peke yake. Anayetoka shuleni ataona ni kidogo. Shuleni muda mwingi huliwa na kupanga foleni, kusubiri wenzake na kugawa madaftari, na nyumbani hayo hayapo.

Ugumu halisi ni kuwa na watoto wa umri tofauti na mzazi mmoja. Kanuni ni moja: watoto wawili wasimhitaji mzazi kwa wakati mmoja. Tuchukue nyumba yenye watoto wa miaka 4, 7 na 11:

- Dakika 20: wote watatu, kitabu cha pamoja na kusimulia.
- Dakika 20: wa 7 yuko na mzazi kwenye hesabu, wa 11 anasoma historia kimya, wa 4 anafungua kasha lake.
- Dakika 10: wa 7 anasoma silabi au ukurasa na mzazi, wa 11 anaandika usimulizi wa alichosoma.
- Dakika 15: wote nje.
- Dakika 30: wa 11 yuko na mzazi kwenye hesabu, wa 7 ananakili mistari yake, kisha anamsomea wa 4 kitabu cha picha.
- Dakika 15: wa 11 anafanya imla, wadogo wanacheza.
- Dakika 20: wote, sayansi au jiografia, tena kwa kitabu.

Jumla ni saa mbili na dakika kumi. Kazi inayobaki ya wa 11 anaifanya baadaye kwa orodha aliyoandikiwa. Kasha la wa 4 liwe na vitu vya kupanga, kutoboa, kushonea na kufinyanga, na lifunguliwe wakati wa masomo tu. Likiwa wazi kutwa nzima, siku ya nne limemchosha na atarudi kupanda juu ya meza. Badilisha vitu viwili au vitatu kila Jumatatu.

Kuchagua vitabu

Kila mtoto anayejua kusoma awe na vitabu vitatu vinavyokwenda pamoja: kile cha pamoja kinachosomwa na mzazi, kimoja cha kazi anachosoma mwenyewe polepole, na kimoja chepesi cha raha kisichodaiwa usimulizi wala maswali. Hicho cha tatu wazazi hukidharau, na ndicho kinachojenga kasi.

Kupima kitabu cha pamoja, soma kwa sauti ukurasa wa kwanza na mwingine wa katikati ukiwa peke yako. Ulimi ukijikwaa kila sentensi, ukiona mwandishi anahubiri badala ya kuonyesha, au ukichoka kabla ya ukurasa kwisha, kirudishe. Kwa historia na sayansi tafuta kitabu cha mwandishi mmoja anayelipenda jambo lake. Vitabu vilivyojaa vijisanduku vya habari na picha ndogondogo vinafaa kuchungulia. Kusimulia haviwezi, kwa sababu hakuna uzi wa kuushika.

Kitabu atakachosoma mwenyewe kina kipimo kingine. Fungua ukurasa wenye maneno kama 100, mtoto asome kwa sauti, nawe uhesabu kwa vidole maneno anayokosea au kukwama. Mgawanyo uliozoeleka tangu Emmett Betts, mtaalamu wa kufundisha kusoma wa Marekani, alipouandika mwaka 1946 ni huu: akikosea moja au asikosee kabisa, kitabu ni chake peke yake, akifikia makosa matano, akisome ukiwa ubavuni, yakifika kumi, kitamvunja moyo. Cha kusikiliza kinaweza kuwa kigumu kwa mbali, maana sikio la mtoto hutangulia jicho lake kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo mtoto wa miaka 7 anayesoma kwa kusuasua anaweza kufuata vizuri riwaya ya wa miaka 10 akisomewa.

Hesabu pia muda wa kitabu. Ukisoma ukurasa mmoja kwa dakika mbili, dakika 15 ni kurasa 7. Kitabu cha kurasa 180 kitachukua siku 26 za kusoma, yaani wiki tano na siku moja kwa siku tano za wiki. Vitabu saba au vinane kwa mwaka ni mavuno mazuri. Anayepanga 30 huishia kusoma mbio, na watoto hawakumbuki hata kimoja.

Kusoma kwa sauti, hatua kwa hatua

1. Usiku uliotangulia pitia sehemu ya kesho. Weka alama ndogo ya penseli pa kukomea, na zungushia maneno yasiyozidi matatu ambayo bila kuyajua hadithi haieleweki.
2. Kabla ya kufungua kitabu, mtoto mmoja aseme mlipoishia kwa sentensi moja au mbili. Akisahau, mwingine amsaidie. Ukimwambia wewe, kesho hatajisumbua kukumbuka.
3. Andika ubaoni majina ya watu na mahali yatakayotokea. Mtoto huacha kusimulia si kwa kusahau kisa, mara nyingi anakwepa jina asiloweza kulitamka. Mahali pakitajwa, paonyeshe kwenye ramani, nusu dakika inatosha.
4. Soma polepole kuliko unavyodhani inafaa. Kwenye nukta vuta pumzi. Usibadilishe maneno magumu kwa mepesi ukiwa njiani, hayo magumu ndiyo sababu ya kusoma.
5. Usisimame kueleza. Neno geni mara nyingi hujieleza aya inayofuata.
6. Koma mahali ulipoweka alama, pale ambapo jambo moja limetimia na lingine limebisha hodi. Funga kitabu kweli, kiweke chini. Kikiwa wazi mkononi mwako, watoto wanasubiri uendelee badala ya kukusanya walichosikia.

Mikono inaruhusiwa kuwa na kazi: kuchora, kufuma, kukunja nguo, kufinyanga. Vitu vyenye maneno au sauti havifai. Wala usihukumu usikivu kwa mkao, kwa maana kuna anayetazama dari na amekusanya kila kitu, na kuna aliyekukodolea macho na hayupo. Usimulizi utawatenganisha.

Kusimulia

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo familia nyingi huacha baada ya siku kumi. Kusimulia ni mtoto kueleza kwa maneno yake yote aliyosikia, baada ya kusikia mara moja tu. Hakuna maswali ya "nani, wapi, lini". Swali humchagulia mtoto cha kukumbuka. Usimulizi humlazimu achague, apange na aunganishe mwenyewe. Na kule kuchota jambo kutoka kichwani kunalikaza kuliko kulisoma tena: majaribio ya wanasaikolojia Roediger na Karpicke yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliojipima baada ya kusoma walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma.

Anza na aya moja tu. Tuseme umesoma hivi:

"Popo anapowinda usiku hutoa sauti kali ambayo binadamu haisikii. Sauti hiyo humgonga mdudu na kurudi kama mwangwi. Kadiri mwangwi unavyowahi kurudi, ndivyo mdudu alivyo karibu. Masikio ya popo hupokea mwangwi huo, naye hugeuka angani na kumnyaka mdudu."

Mtoto wa miaka 7, siku zake za mwanzo, atasema: "Popo anapiga kelele halafu kelele inarudi halafu anamla mdudu."

Huo ni usimulizi halali. Ameshika mfuatano mzima na ameachia kiungo kimoja. Usimkatize na usimsahihishe sarufi. Akimaliza, mpe kaka au dada yake nafasi: "Kuna kilichobaki?" Kikiwa bado hakijasemwa, uliza swali moja lisilobeba jibu ndani yake: "Anajuaje kama mdudu yuko karibu au mbali?" Asipojua, msomee tena sentensi ile moja, basi. Kesho mpe aya yenye urefu uleule. Akisimulia aya bila jasho kwa siku tano mfululizo, nenda kwenye mbili. Kutoka aya hadi sura nzima huchukua miezi, wala hakuna anayewakimbiza.

Matatizo yana sura chache zinazojirudia. "Sikumbuki" kwa kawaida ina maana kipande kilikuwa kirefu, basi kikate katikati. Anayerudia maneno ya kitabu kama kasuku yuko sawa mpaka miaka 8 hivi, maana anayajaribu mdomoni. Akizidi umri huo mwambie asimulie akiwa mmoja wa waliomo kwenye kisa. Mwenye aibu achore kwanza kisha aieleze picha, au apange vipande vya mbao na kuvisogeza akisimulia. Kifungua mimba anayemeza usimulizi wote awe wa mwisho kusema, na kazi yake iwe kuongeza yaliyoachwa tu. Mtaje wa kusimulia baada ya kusoma, kamwe si kabla, vinginevyo wengine wanajipa likizo. Chini ya miaka 6 usidai kabisa. Akijitolea, msikilize.

Kuandika usimulizi kusubiri hadi miaka 9 au 10, baada ya miaka miwili au mitatu ya mdomo. Anza na mara moja kwa wiki, dakika kumi. Katika miezi ya mwanzo akikwama katikati, anaweza kukutajia sentensi zinazobaki ukamwandikia.

Anayejifunza kusoma

Dakika kumi kwa siku, siku tano, ni bora kuliko saa nzima Jumamosi. Kiswahili kina irabu tano, kila moja na sauti moja, hivyo njia ya silabi hulipa haraka: irabu kwanza, kisha m, b, k, l, t na irabu zote tano, na maneno kuanzia siku ya pili (mama, baba, kaka, lala, tatu). Fundisha sauti ya konsonanti, usianze na jina lake. Anayejua kwamba b inaitwa "be" atasoma "baba" akisema "be-a-be-a", na kuliondoa hilo kunachosha kuliko kulifundisha.

Yanayowakwamisha watoto yanajulikana. Silabi zenye konsonanti mbili au tatu, kama mba, nda, nja, kwa, mbwe, ziletwe baada ya zile nyepesi kusomwa bila kusita. Ng' na ng zifundishwe wiki tofauti, kisha ziwekwe jozi: ng'ombe, ngoma. Vivyo hivyo dh na th, gh na kh. Na kuna m na n zinazosimama kama silabi peke yake: m-tu, n-chi, m-bwa. Mtoto aliyezoea mbu-zi hujaribu kuimeza m ya mbwa. Piga makofi kwa kila silabi naye atasikia tofauti.

Akitakiwa kusoma Kiingereza pia, subiri asome Kiswahili kwa mtiririko kwanza. Herufi a ya Kiingereza ina sauti kadhaa, na ukifundisha mifumo miwili meza moja, mtoto hubahatisha katika yote miwili.

Kunakili, imla na insha

Hivi vitoke kwenye kitabu mnachosoma, usinunue kingine. Miaka 6 na 7: mstari mmoja kwa siku, ulioandikwa na mzazi kwa mwandiko safi juu ya ukurasa. Miaka 8 na 9: mistari mitatu hadi minne kutoka kitabuni. Lengo ni mstari usio na kosa, hivyo herufi tano nzuri zinashinda ukurasa uliokwaruzwa.

Imla huanza miaka 9 au 10, mara mbili kwa wiki. Mpe mtoto aya ya mistari mitano hadi minane aisome kwa dakika kumi: atafute maneno anayoyashuku, ayatazame, afumbe macho ayaone, ayaandike pembeni, aangalie pia mkato, nukta na alama za mtajo. Kisha funika na umsomee kifungu kwa kifungu, kila kifungu mara moja. Simama nyuma ya bega lake. Neno likianza kwenda kombo, lifunike hapohapo kwa kipande cha karatasi yenye gundi na aliandike upya juu yake, jicho lisije likazoea sura mbovu. Makosa yakizidi matatu, aya ilikuwa ngumu au maandalizi yalikuwa ya kivivu. Utajua lipi.

Kuanzia miaka 12 kuna zoezi la Benjamin Franklin, mwandishi na mwanasiasa wa Marekani, aliyejifundisha kuandika kwalo ujanani. Chukua ukurasa mzuri, andika dokezo fupi la kila sentensi, weka kando siku kadhaa, kisha jenga ukurasa huo upya kutoka kwenye madokezo na ulinganishe na wa awali. Mara moja kwa mwezi inatosha, ni kazi nzito.

Daftari la vitabu

Daftari moja kwa kila mtoto, lenye safu tano: tarehe ya kuanza, jina la kitabu na mwandishi, kurasa, tarehe ya kumaliza, na sentensi moja ya maoni yake. "Kizuri" haikubaliki, aseme nini. Jaza siku ileile, Ijumaa utakuwa umesahau nusu. Kwenye ukaguzi, daftari hili pamoja na usimulizi wenye tarehe hueleza mwaka mzima bila maneno mengi.

Ukurasa wa nyuma utumike kwa marudio. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 jinsi kumbukumbu inavyoporomoka kwa kasi mwanzoni, kisha polepole. Basi sura muhimu za historia na sayansi zipewe siku ya 2, ya 7 na ya 30: dakika mbili tu, "Niambie unachokumbuka kuhusu popo," kisha weka alama na mwendelee.

Siku na wiki zinazoharibika

Kitabu kikidorora, kipe sura tatu. Zikiisha na hakuna anayeuliza kitakachofuata, kiache bila hukumu na uandike "tumekiacha" daftarini. Kitabu cha kazi, kama cha historia, hakiachwi. Hicho punguza kurasa kwa siku.

Sauti ikikauka, gawa dakika 15 kuwa vipindi viwili vya dakika 7 au 8, au wa miaka 11 asome aya moja na wewe moja. Kitabu cha sauti kinafaa pia, ila kisimamishe palepale ambapo ungefunga kitabu, na usimulizi uendelee.

Siku ya ugonjwa, mgeni au kuhama ina mfuatano wake mfupi, ulioandikwa mapema na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati: kitabu cha pamoja dakika 15, usimulizi mmoja, hesabu kumi alizokwisha kuzijua, basi. Dakika 35. Zikifika siku sita za namna hiyo mfululizo, usijaribu kufidia yaliyopita. Jumatatu anzeni kwenye alamisho ilipo, na mtoto mmoja aseme mlipoishia.